Nani Alipimwa? Vitu na Mahali Vinavyomsahau Mwanamke Zanzibar

Kila kitu tunachokitumia kina kipimo. Kiti kina urefu wake, ngazi ina kimo chake, dawa ina dozi yake, mkanda wa gari una mahali unapopita kifuani. Kipimo hicho hakikuja chenyewe. Kuna mtu alikaa mezani, akamfikiria mtumiaji fulani, akaandika namba. Makala haya yanamhusu huyo mtumiaji aliyefikiriwa. Mara nyingi alikuwa mwanamume mwenye afya njema, amevaa suruali, hana mimba wala mtoto begani. Asiyefanana naye hupewa kitu kile kile akaachwa ajizoeze.

Tuanze na gari, maana hapo ushahidi umeandikwa kwa namba. Kabla ya aina mpya ya gari kuingia sokoni hugongeshwa kwa makusudi, na ndani yake huketishwa sanamu ya mtu yenye vifaa vya kupimia mshtuko. Sanamu iliyotumika zaidi duniani kwa miongo mingi inaitwa Hybrid III. Kimo chake ni sentimita 175 hivi na uzito wake kilo 78. Ni mwanamume wa Kimarekani wa wastani, wa miaka ya 1970. Sanamu ya kike iliyokuja baadaye ilikuwa ni ile ile ya kiume iliyopunguzwa, ikawa na kimo cha mita moja na nusu na kilo 49 hivi, yaani umbo la msichana mdogo. Shingo ya mwanamke, nyonga zake na namna anavyosogeza kiti mbele ili miguu ifike kwenye breki havikuhesabiwa. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia walichambua ajali za kweli wakakuta kwamba dereva mwanamke aliyefunga mkanda alikuwa na uwezekano wa kuumia vibaya uliozidi wa mwanamume kwa asilimia 47, ajali zikiwa za kufanana. Mkanda wa pointi tatu ulibuniwa Sweden mwaka 1959. Sanamu ya kwanza yenye umbo la mwanamke wa wastani, sentimita 162 na kilo 62, ilitolewa huko huko Sweden mwaka 2022 na kundi la mhandisi Astrid Linder. Gari zinazoshushwa bandarini Malindi na kuja kutubeba kwenda Paje au Mkokotoni zilishapimwa zamani, na aliyepimiwa si mama aliyeketi kiti cha mbele na mwanawe mapajani.

Hakuna kikao kilichokaa kikaamua wanawake waumie, na hapa ndipo wengi wanapochanganyikiwa. Wakisikia neno upendeleo wanatafuta mtu mbaya, na wasipompata wanaona shauri limekwisha. Upendeleo wa aina hii hauhitaji nia mbaya. Unahitaji wapimaji wanaofanana, na kila mmoja wao akijitazama anaona yeye ndiye mtu wa kawaida. Wanachagua kipimo, kipimo kinageuka kanuni, viwanda vinaifuata kanuni, wanafunzi wanafundishwa kanuni, na baada ya kizazi kimoja hakuna anayekumbuka kwamba mwanzoni palikuwa na uchaguzi. Msanifu majengo maarufu Le Corbusier, alipotunga mfumo wake wa vipimo vya binadamu kwa ajili ya nyumba na fanicha, alianza na mtu wa sentimita 175. Baadaye akampandisha hadi 183, kwa sababu mmoja wa wenzake alisema kwamba katika hadithi za upelelezi za Kiingereza wanaume wa kupendeza, kama vile polisi, huwa na futi sita. Wazo la namna hiyo ndilo lililoingia kwenye michoro, na mfumo ule ukasomwa na wasanifu dunia nzima.

Kwenye dawa hali ni hiyo hiyo, ila inatisha zaidi. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza dozi ya zolpidem, dawa ya usingizi, ipunguzwe kwa nusu kwa wanawake, kutoka miligramu 10 hadi 5, kwa kuwa ilionekana asubuhi bado imebaki nyingi katika damu yao kiasi cha kuhatarisha uendeshaji wa gari. Dawa hiyo ilikuwa imeuzwa kwa miaka ishirini.

Sasa turudi nyumbani, kwa sababu Zanzibar si mpokeaji tu wa makosa ya wengine. Sisi wenyewe tuna yetu.

Chukua maghorofa ya Michenzani. Baada ya Mapinduzi ya 1964, serikali ya Mzee Karume ilitaka mwananchi wa Ng'ambo, upande wa mji ulio nje ya Mji Mkongwe, aondoke kwenye nyumba ya udongo na makuti aingie kwenye nyumba ya kudumu, na wataalamu wa Ujerumani Mashariki walisaidia kupanga. Nia ilikuwa njema na nyumba zilikuwa imara. Wapo wanaoishi humo hadi leo na wanazipenda. Lakini tazama kilichotoweka. Nyumba ya Kiswahili ina uwani. Uwani ndipo panapopikwa, panapofuliwa, panapotwangwa na kukunwa nazi, watoto wakiogeshwa huku jirani akiingia kwa mlango wa nyuma bila kujifunika upya. Ndiyo karakana ya mwanamke na ndiyo barza yake. Ghorofa ya mtindo wa Ulaya haina uwani. Ina jiko dogo lililokusudiwa mtu mmoja anayepasha chakula kwenye stovu, na roshani nyembamba. Sasa pika pilau ya watu ishirini humo kwa jiko la makaa. Twanga katika kinu kwenye ghorofa ya nne, sakafu yako ikiwa dari ya mwenzio. Maji yakikatika, ndoo ya lita 20, ambayo ni kilo 20, hupanda ngazi mkononi au kichwani, na tunajua ni kichwa cha nani. Aliyechora alihesabu vyumba vya kulala, madirisha na mwanga. Kazi inayofanyika nyumbani kutwa nzima hakuihesabu, kwa sababu haikuwa kazi yake na pengine hakuwahi kuiona. Maghorofa ya namna hiyo yapo Pemba pia, Chake, Wete na Mkoani, na mabadiliko ambayo wakaazi wameyafanya kwa mikono yao, roshani zilizozibwa, majiko yaliyohamishwa, yangeweza kuwa somo kwa kila anayechora nyumba mpya Fumba au Kisakasaka.

Mtu anaweza kuuliza: kwani wazee wetu waliojenga Mji Mkongwe hawakumfikiria mwanamke? Walimfikiria sana. Kuna wikio, kile chumba au kijia kinachopita juu ya mtaa kikiunganisha nyumba na nyumba, kilichowawezesha wanawake wa ukoo mmoja kutembeleana bila kukanyaga njia. Kuna madirisha ya mbao zilizosukwa, anayekaa ndani anaona nje na wa nje haoni ndani. Kuna barza za mawe upande wa mtaani, na hizo zilikuwa za wanaume na wageni wao. Hapa lazima tuwe makini. Kumfikiria mwanamke ni jambo moja na kumuuliza ni jambo jingine. Wikio ni ubunifu wa hali ya juu, ila swali lililoulizwa lilikuwa: tufanye nini mwanamke asionekane? Halikuwa: mwanamke anahitaji kwenda wapi? Mwanamke wa leo anakwenda Darajani, anakwenda chuoni, anakwenda kituo cha gari saa kumi na mbili alfajiri, na kimaumbile mji bado una viti vya mawe kwa wanaume waliokaa na vijia vya kupita kwa wanawake wenye haraka. Mitaa ya Ng'ambo imejirekebisha yenyewe, jioni utawakuta wanawake barzani kwao wanasukana na kuzungumza. Sehemu za umma hazijafika hapo.

Jambo hili la sehemu za umma, yaani bustani na viwanja, lilichunguzwa Vienna, nchini Austria, katika miaka ya 1990. Mji uligundua kwamba wasichana wakifika umri wa miaka tisa hivi wanaacha kwenda bustanini, wavulana wanaendelea. Hakuna aliyewakataza. Bustani zilikuwa na uwanja mmoja wazi katikati, na wavulana walipokuja na mpira, uwanja ukawa wao. Mji ulichukua bustani mbili ukazigawa: njia nyingi zaidi za kuingilia, vijiwe vya kukaa kundi kwa kundi, sehemu ya mpira wa wavu na badminton, taa zaidi. Wasichana wakarudi. Fikiria viwanja vyetu vya mitaa, kila mmoja una magoli mawili na vumbi katikati, halafu tunauliza kwa nini watoto wa kike hawachezi.

Kwenye usafiri mambo ni wazi hata bila utafiti. Simama kituoni utazame gari ya mbao, ile daladala yetu yenye bodi ya mbao, ikipakia. Ngazi ya nyuma iko juu, daraja la kwanza linafika karibu na goti. Mama ana mtoto mkono wa kushoto, kikapu mkono wa kulia, na baibui lazima liinuliwe ili mguu upate nafasi. Mikono miwili, kazi tatu. Konda humshika kiwiko akamvuta, jambo ambalo wanawake wengi hawalipendi na hawana namna ya kulikataa gari ikiwa imeshaanza kunguruma. Akishaingia anapita ameinama, maana paa ni fupi, katikati ya magoti ya watu waliokaa kwenye mabenchi mawili yanayotazamana. Daraja moja la ziada la chuma na bomba la kushikia upande wa kulia lingemaliza nusu ya adha hii, na fundi yeyote wa kuchomelea wa Mwanakwerekwe analiweza kabla ya adhuhuri.

Pikipiki ni hatari zaidi. Imeundwa kwa mtu wa kupanda kwa kutanua miguu, mguu huku na mguu huku. Mwanamke wetu mwenye baibui hukaa upande, miguu yote miwili inaning'inia kushoto, na kwa kawaida ana mahali pa kukanyaga mguu mmoja tu. Pindo la nguo linapepea sentimita chache kutoka kwenye gurudumu na mnyororo. Wanaofanya kazi katika vyumba vya dharura wanajua kinachotokea pindo likinaswa. Na hili lina dawa iliyokwisha kuandikwa katika sheria. India, ambako wanawake wa sari hukaa upande vile vile, kanuni za magari za mwaka 1989 zinataka kila pikipiki iwe na mahali pa kushika kwa abiria, pa kukanyagia, na kinga inayofunika angalau nusu ya gurudumu la nyuma ili nguo ya abiria isinaswe. Boxer na TVS zinazobeba watu Unguja na Pemba ni za makampuni ya huko huko India. Nenda kituo chochote cha bodaboda ukague upande wa kushoto wa gurudumu la nyuma, uone ngapi zinayo kinga hiyo. Kwangu mimi hili ni jambo la kuwekwa kwenye masharti ya leseni ya kubebea abiria, wala halihitaji kongamano.

Baiskeli inatuonyesha kwamba inawezekana. Baiskeli isiyo na bomba la juu kati ya kiti na usukani, yenye mfuniko wa mnyororo, imewafanya wanawake wa Makunduchi na Jambiani kuendesha na mabaibui yao bila tabu miaka nenda rudi. Hakuna aliyewabadilisha wao. Chuma kimoja kilisogezwa.

Vyoo tuviseme kwa ufupi, ingawa watu huona aibu kuvitaja. Kwenye kumbi na vituo vingi mchoraji hugawa eneo sawa kwa sawa, mita za mraba za wanaume ni hizo hizo za wanawake, na huamini ametenda haki. Lakini upande wa wanaume huingia mikojoleo mingi ndani ya eneo lile lile, na upande wa wanawake kila choo kinataka chumba na mlango. Juu ya hayo mwanamke ana nguo zaidi za kushughulikia, ana siku zake, pengine ana mimba, na watoto wote wadogo wamekwenda naye. Sawa kwa mita si sawa kwa foleni. Ongeza udhu: mwanamume ananawa kwenye bomba la nje, mwanamke anahitaji pahala pa kuvua ushungi bila kutazamwa, na mahala hapo mara nyingi hapapo. Kwenye skuli choo kisicho na komeo wala maji ya uhakika kinamgharimu msichana siku za masomo kila mwezi.

Wapo wanaojibu kwamba wanawake wenyewe hawajalalamika. Ni kweli wengi hawalalamiki. Mtu asiyeifikia rafu hujiona mfupi, hasemi rafu imewekwa juu. Wapo wanaodhani dawa ni kutengeneza kitu kile kile kidogo na kukipaka rangi ya waridi. Hilo halimsaidii mtu. Na mwanamke wa wastani naye si jibu la kila kitu, maana akipimwa yeye peke yake ataachwa bibi mzee, ataachwa mlemavu, na mwanamume mfupi ambaye naye amekuwa akiteseka kimya kimya. Kinachotakiwa ni kupima watu wa aina nyingi kabla ya kukata mbao.

Mfano ninaoufikiria kuliko yote ni mwani, kwa sababu unaonyesha namna kitu kinavyoweza kumfaa mwanamke na kumfunga kwa wakati mmoja.

Mwani ulianza kulimwa kibiashara Paje na Jambiani mwaka 1989, kwa mbegu zenye asili ya Ufilipino, baada ya majaribio ya wanasayansi akiwemo Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Njia iliyofundishwa ilikuwa rahisi: vijiti vya mkoko vinapigiliwa mchangani, kamba inafungwa kati ya kijiti na kijiti, vishada vya mbegu vinaning'inizwa kwa vijikamba vidogo vya taitai. Baada ya wiki sita hivi unavuna, unaanika, unauza, na mwani unasafirishwa kwenda kutoa ute unaotumika kwenye dawa ya meno, aiskrimu na vipodozi. Wanaume waliojaribu wengi waliacha walipoona bei ni ndogo. Wanawake walibaki, na leo ndio walio wengi mno katika kilimo hiki, Unguja na hasa Pemba, inakotoka sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar.

Kwa nini walibaki wao? Kwa sababu njia ile haikuhitaji chombo, haikuhitaji kuogelea, na kalenda yake ilifuata bamvua, maji yakikauka unashuka, yakijaa unarudi kupika. Iliingia sawasawa ndani ya mipaka ya maisha yao. Siisemi vibaya: fedha ya mwani imejenga nyumba na kusomesha watoto, na imempa mwanamke wa pwani ya mashariki sauti ambayo mama yake hakuwa nayo. Gharama yake ililipwa na mgongo. Kufunga vishada ni kuinama saa nyingi ndani ya maji ya magotini, jua likipiga kutoka juu na kurudi kutoka chini, kisha gunia la mwani mbichi, ambalo uzito wake mwingi ni maji, libebwe hadi ufukweni kabla bahari haijarudi.

Halafu bahari ikabadilika. Aina ya mwani yenye bei nzuri, cottonii, haivumilii joto. Maji ya kina kifupi, ambayo mchana hupata moto upesi, yakawa ya moto kupita kiasi. Mwani ukawa unageuka mweupe, unalainika, unakatika. Wakulima wengi wakabaki na spinosum, mgumu zaidi lakini wa bei ya chini. Cottonii bado inaweza kustawi, ila kwenye kina kirefu ambako maji ni ya baridi na hayabadiliki ovyo. Na hapo ule ukuta uliokuwa hauonekani ukaonekana. Kina kirefu kinataka chombo, na vyombo ni vya wanaume. Kinataka kuogelea, na wanawake wengi wa pwani, waliozaliwa hatua chache kutoka majini, hawajui kuogelea. Nguo zinazolowa na kulemea ni sababu mojawapo. Njia iliyosanifiwa kukwepa vizuizi hivyo badala ya kuviondoa iliwaacha wanawake pale pale vilipo, magotini.

Dokta Flower Msuya, mtaalamu wa mwani aliyefanya kazi miaka mingi katika Taasisi ya Sayansi za Bahari hapa Zanzibar, aliliona hili na alileta nyavu za mfano wa bomba: mbegu hujazwa ndani ya wavu mrefu wa duara, ukaelea kwenye kina kirefu kwa maboya na nanga, mwani usikatwe na mawimbi. Ni kifaa kizuri. Lakini kifaa hicho hakimfikishi mkulima huko kwenye kina. Lazima kiende pamoja na mafunzo ya kuogelea na boti. Nungwi, mradi wa Panje ulianza mwaka 2011 kufundisha kuogelea na usalama majini, na wasichana walipewa vazi la kuogelea linalofunika mwili mzima, la aina aliyoibuni Aheda Zanetti huko Australia mwaka 2004. Wazazi waliokuwa wakikataa wakapata njia ya kukubali. Imani haikuguswa, bahari haikuguswa. Kilichobadilishwa ni nguo.

Tangu 2020 tuna Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi, na boti za faiba zimekuwa zikigawiwa wavuvi na wakulima wa mwani. Basi kabla ya kuagizwa nyingine, chombo kimoja kipelekwe kwanza Kidoti au Tumbe kwa wakulima wenyewe, bamvua nzima. Wao waseme kama ukingo unapandika kutoka majini mtu akiwa amelowa, kama kamba ya kuwashia mashine inavutika na mwanamke wa miaka hamsini aliyeamka tangu alfajiri, kama nanga inanyanyuka na mtu mmoja, kama kuna pahala pa kuweka gunia bila chombo kulala upande. Majibu yao yaandikwe kwa namba kwenye zabuni, sentimita na kilo, na mtengenezaji asiyezifikia arudishiwe boti yake.